Nenosiri Halilindi Riwaya

Waandishi wanaotaka kujichapishia riwaya kama kitabu pepe huanza na swali moja: nifunge vipi PDF yangu isiibiwe? Hawaulizi nani ataihariri, wala msomaji ataipata na kuilipia vipi. Swali hilo limekosewa tangu mwanzo, na dawa inayopendekezwa kila siku, yaani kuweka nenosiri kwenye faili, haimdhuru mwizi hata kidogo. Anayeumia ni mnunuzi.

PDF ina manenosiri ya aina mbili. La kwanza ni la kufungulia, na lazima mnunuzi apewe, la sivyo hawezi kusoma alichonunua. Mtu aliye tayari kurusha faili kwenye kundi la WhatsApp atashindwa nini kuandika nenosiri chini yake? La pili huzuia kunakili na kuchapa, lakini faili hufunguka bila hilo. Kizuizi hicho hufanya kazi pale tu programu ya kusomea inapokubali kukitii, na zipo zisizokitii. Hata kufuli lingekuwa imara kiasi gani, kinachosomeka kwenye skrini hupigwa picha. Mwizi mmoja akifanikiwa mara moja, nakala yake iliyo wazi ndiyo itakayosambaa, na wanaoipokea hawataombwa nenosiri kamwe. Atakayeombwa ni yule aliyelipa, kisha akabadilisha simu au akalisahau.

Wachapishaji wakubwa wamejaribu kuuza bila kufuli kwa fedha zao wenyewe. Tor, wachapishaji wa riwaya za sayansi ya kubuni na fantasia, waliondoa kufuli za kidijitali kwenye vitabu vyao pepe mwaka 2012. Mwaka uliofuata tawi lao la Uingereza lilieleza kwamba halikuona ongezeko la wizi la kutajika. Mwaka huohuo wa 2012, vitabu vya Harry Potter vilipoanza kuuzwa kama vitabu pepe kupitia tovuti ya Pottermore, nakala za muundo wa EPUB hazikufungwa, bali zilitiwa alama ya kumtambulisha mnunuzi.

Utasema hao ni matajiri, na soko letu ni dogo. Ni kweli, na kusambaza kazi ya mtu bila ruhusa ni wizi. Tanzania na Kenya zimo katika Mkataba wa Berne, hivyo hakimiliki ni yako tangu unapoandika, hata kabla ya kusajili. Lakini nakala iliyorushwa si lazima iwe mauzo yaliyopotea, kwa kuwa wengi wanaopokea cha bure wasingelipa. Hadithi za mfululizo za mwandishi Eric Shigongo zilipotoka kwenye magazeti ya Global Publishers, hapakuwa na njia ya kuzuia gazeti moja lisipite mikono mingi, na bado watu walinunua toleo jingine ili kujua kilichofuata. Waandishi wanaotoa sehemu za mwanzo bure Facebook na kuuza zilizobaki wanafuata mantiki hiyohiyo: anayelipa ni yule ambaye tayari hadithi imemkamata. Kwa mwandishi mpya, kutojulikana ni hatari kubwa kuliko kuibiwa.

Basi fanya haya. Mlipe mhariri kwanza. Tengeneza jalada linalosomeka hata likiwa dogo kwenye simu. Toa EPUB, maana maandishi yake hujipanga kufuata skrini. Usitegemee namba ya ISBN kama kinga: hutambulisha kitabu, hailindi hakimiliki. Ukiuza kupitia duka la mtandaoni la Amazon, humpa mwandishi hadi asilimia 70 ya bei kwa kitabu pepe cha dola 2.99 hadi 9.99, na 35 nje ya hapo. Kagua kwanza lugha wanazopokea na njia ya kukulipa. Ukiuza mwenyewe, pokea malipo kwa simu, tuma faili papo hapo, andika jina la mnunuzi ukurasa wa kwanza. Na ukiikuta riwaya yako kwenye kundi, mtake msimamizi aifute, kisha uweke hapohapo bei na namba ya malipo, kwa sababu wasomaji uliokuwa unawatafuta wamo humo.