Kwa nini Nakuru haina mifupa ya dinosaria?

UKIZURU Kariandusi karibu na Gilgil, au Hyrax Hill viungani mwa Nakuru, utaonyeshwa zana za mawe na mabaki ya makazi ya kale. Hutaonyeshwa mfupa wa dinosaria. Kwa kuwa Bonde la Ufa linasifika duniani kwa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, ni haki msomaji kuuliza: je, yale majitu yenye shingo ndefu yaliyokula majani hayakupita huku?

Jibu limo katika umri wa miamba. Dinosaria hao walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Miamba na majivu yanayoonekana Nakuru, Elmenteita na Naivasha yalitapikwa na volkano kama Menengai na Longonot muda mrefu baada ya hapo. Zana za Kariandusi zina umri wa takriban miaka milioni 1. Hata Orrorin, kiumbe anayehesabiwa na watafiti kuwa miongoni mwa jamaa wa kale kabisa wa binadamu, ambaye mabaki yake yalipatikana katika vilima vya Tugen, Baringo, mwaka 2000, aliishi miaka milioni 6 tu iliyopita. Ikiwa dinosaria walitembea hapa, ardhi waliyoikanyaga imefukiwa chini sana au imemomonyoka.

Anayewatafuta sharti aende penye miamba mikongwe. Nchini Kenya, mifupa ya dinosaria, wakiwemo wa jamii ya shingo ndefu, imepatikana katika vilima vya Lapur, kaskazini mwa Turkana. Lakini hazina kubwa zaidi Afrika Mashariki iko Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, Tanzania.

Mifupa ya Tendaguru ilijulikana kwa Wazungu mwaka 1906, wakati Wajerumani wakitawala. Kuanzia 1909 hadi 1913, makumbusho ya Berlin iliendesha uchimbaji mkubwa huko. Mamia ya Waafrika walichimba chini ya msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani. Hapakuwa na reli wala gari. Wapagazi walibeba mizigo kichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa hadi Ujerumani.

Humo mlikuwa na mifupa ya Giraffatitan, aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Jina lake lina maana ya twiga jitu. Kiunzi chake kilichosimamishwa Berlin kina kimo cha zaidi ya mita 13, sawa na jengo la ghorofa nne. Mnyama huyu hakutafuna. Alichuma majani kwa meno na kuyameza, kazi iliyobaki ikafanywa na tumbo. Pingili za shingo yake zilikuwa na mianya ya hewa, ndiyo sababu aliweza kuinua shingo ndefu kiasi hicho.

Tendaguru ina uhusiano na Nakuru pia. Mwaka 1924 Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, alikwenda huko na msafara wa makumbusho ya Uingereza. Miaka miwili baadaye alianza kuchimba karibu na Elmenteita na Nakuru, safari hii akitafuta historia ya binadamu.

Hadi leo kiunzi hicho kiko Berlin, na suala la kukirejesha limejadiliwa mara kwa mara nchini Tanzania. Hata hivyo, mambo yameanza kubadilika. Dinosaria wa shingo ndefu waliopatikana katika bonde la Rukwa wamepewa majina ya Kiswahili: Shingopana mwaka 2017, na Mnyamawamtuka mwaka 2019, kutokana na mto Mtuka. Jina la pili la huyu wa mwisho ni moyowamkia, kwa sababu pingili ya mkia wake ina umbo la moyo.

Kwa mkazi wa Bonde la Ufa, funzo ni moja. Mfupa uliogeuka jiwe ukionekana kwenye korongo au machimbo, usiung'oe wala kuuuza. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataka ugunduzi wa aina hiyo uripotiwe. Mfupa ukishaondolewa mahali pake, mtaalamu hupoteza tabaka la mwamba ambalo lingemweleza umri wake, na turathi yetu huenda ikaishia mbali na nyumbani.