BARABARA YA MALABA MPAKA KATUNA: NI SEHEMU YA KAZI YETU



Kila siku alfajiri, kabla jua halijatoka, wafanyakazi kwa maelfu wanatembea kando ya barabara kuu itokayo Malaba mpaka Katuna. Wa Namanve wanakwenda viwandani. Wa Lugazi na Kakira wanakwenda kwenye miwa. Waliofanya kazi ya usiku wanarudi nyumbani wakisinzia, na malori makubwa yanawapita karibu sana.

Wengi wetu tumeizoea barabara hii kama tulivyoizoea mvua. Lakini ni wachache wanaojua ilivyopatikana, na ni wachache zaidi wanaojua kwamba sheria inamlinda mfanyakazi hata akiwa njiani, siyo ndani ya geti la kiwanda tu. Kwa hiyo ni vizuri tuzungumze habari yake.

NJIA INAVYOPITA

Uganda haina bahari. Bandari tunayoitegemea zaidi ni Mombasa, nayo iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kampala. Barabara inaingia nchini kwetu pale Malaba, inapita Tororo penye saruji, kisha Bugiri, ambako kuna mashamba ya mpunga ya Kibimba, halafu Iganga, mpaka Jinja. Kabla ya kufika Jinja unaiacha Kakira na miwa yake.

Jinja barabara inavuka Mto Nile. Ng'ambo ya mto inaingia katika msitu wa Mabira, ambako vijana na akina mama wanayakimbilia madirisha ya mabasi na kuku wa kuchoma na ndizi. Hapo ndipo penye mashamba ya chai, na mji wa Lugazi ambao kiwanda chake cha sukari kilianza mwaka 1924. Kisha Mukono, Namanve na Kampala.

Kutoka Kampala barabara inashika upande wa kusini magharibi. Inapita Mpigi, inakata mstari wa ikweta pale Kayabwe, inateremka kwenye kinamasi cha Lwera na mto Katonga, inafika Lukaya na Masaka. Baada ya hapo ni Lyantonde, Mbarara penye ng'ombe na maziwa, Ntungamo, na milima ya Kabale, mpaka Katuna kwenye mpaka wa Rwanda. Jumla ni zaidi ya kilomita 600. Mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki nayo hupita humu.

WALIOITENGENEZA NI NANI?

Kabla ya Wazungu, Buganda ilikuwa na njia pana zilizokwenda mpaka kwenye makao ya Kabaka. Machifu ndio waliosimamia, watu wa kawaida ndio waliofyeka. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika Buganda miaka ya 1840 wakitokea kusini kwa njia ya Karagwe. Hata lugha hii tunayoandikia ilifika kwa miguu, juu ya mabega ya wapagazi.

Wakoloni walipokuja hawakuondoa kazi ile, waliiandika katika sheria. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwapa machifu uwezo wa kuwatoa watu kwenda kazi ya barabara, isiyozidi mwezi mmoja kwa mwaka, bila mshahara. Kazi hiyo iliitwa luwalo. Baadaye serikali ikaongeza kasanvu, yaani kazi ya kulazimishwa yenye malipo madogo, ambayo ilikomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mtu alitolewa katika shamba lake wakati wa palizi akapewa jembe la serikali.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na treni ikafika Kampala mwaka 1931. Wakati ule barabara ilikuwa ya kupeleka pamba stesheni. Lakini upande wa Masaka hapakuwa na treni. Watu wa Rwanda na Burundi waliokuja kutafuta kazi katika kahawa, pamba na miwa walitembea kwa miguu siku nyingi, wengine wakaugua na kufa njiani. Baadhi ya wanachama wetu ni wajukuu wa watu hao.

Tazama pia pale Nile. Daraja la treni lilijengwa mwaka 1931. Mwaka 1954 bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa, na magari yakaanza kupita juu yake. Yalipita hapo miaka 64. Mwaka 2018 ndipo lilipofunguliwa daraja jipya la nyaya lenye urefu wa mita 525, lililojengwa kwa mkopo wa Japani. Kwenye sherehe za kufungua husomwa majina ya wakubwa. Majina ya waliofunga chuma na kumwaga zege hayasomwi.

INAPOFUNGWA, NANI ANALIPA?

Barabara hii imefungwa mara nyingi. Mwaka 1976 ugomvi wa serikali ya Amin na Kenya ulifanya mafuta yakosekane. Mwaka 1979 vita vilipita humu humu: Masaka ikabomolewa, watu wakapigana Lukaya, na Kampala ikaanguka mwezi wa Aprili. Mwaka 1985 jeshi la NRA lilishika mstari pale Katonga kwa miezi kadhaa, Masaka ikawa upande mmoja na Kampala upande mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, fujo za baada ya uchaguzi wa Kenya zilizuia malori, na reli ikang'olewa Kibera. Mafuta ya Uganda yakapanda bei mara moja. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda iliufunga mpaka wa Katuna kwa malori, ukaja kufunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Kwa karibu miaka mitatu wapakuzi wa mizigo na wauza chakula wa Katuna walikaa bila kazi.

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa Korona, madereva wa malori walinyoshewa vidole kama wao ndio ugonjwa, na huku sukari na dawa za nchi nzima ziliwategemea wao. Januari 2022 walipotakiwa kulipia vipimo, waligoma Malaba, na foleni ikawa ya kilomita nyingi. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko yalikata daraja la Katonga, magari yakazungukia Gomba na Sembabule.

Ndugu, angalia jambo moja katika habari zote hizo. Barabara ikifungwa, mwenye kiwanda anapunguza zamu. Kibarua anaambiwa, "Rudi nyumbani, malighafi haijafika." Nauli inapanda na unga wa posho unapanda, lakini mshahara unabaki pale pale. Siku za kupungukiwa ni za mfanyakazi kwanza.

BARABARA INAPOUA

Mwaka 2023 polisi walihesabu zaidi ya watu 4,800 waliokufa barabarani nchini Uganda. Wengi wao ni waenda kwa miguu na watu wa pikipiki, maana yake ni watu kama sisi.

Katika kazi yangu ya chama nilikutana na kijana mmoja aliyetoka zamu ya usiku. Alikuwa anavuka barabara kwenda nyumbani, gari likamgonga, mguu ukavunjika mara mbili. Meneja alisema, "Barabara siyo kiwanda." Akampa pesa kidogo za chakula, na wiki ile ile mtu mwingine akawekwa kwenye mashine yake. Wenzake wakaanza kuchanga, kama kawaida yetu.

Lakini katibu wa tawi alikuwa amesoma sheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema kwamba ajali inayompata mfanyakazi akiwa anakwenda kazini au anarudi moja kwa moja inahesabiwa kuwa ajali ya kazi. Sheria hiyo inamtaka mfanyakazi mwenyewe aonyeshe kwamba hakupitia mahali pengine. Kijana yule alikuwa ametoka na wenzake wawili. Majina yao yakaandikwa, barua ikapelekwa kabla mwezi haujaisha, nakala ikaenda kwa ofisa wa kazi. Kampuni ililipa. Bila mashahidi wale wawili, angebaki na michango yetu tu.

Kwa hiyo yashikeni haya:

1. Ajali ikitokea njiani, mwajiri apewe habari kwa maandishi kabla ya mwezi mmoja kwisha. Msingoje mgonjwa apone.

2. Andikeni saa, mahali, na majina ya walioona. Tembeeni wawili au watatu, hasa usiku.

3. Kibarua naye ni mfanyakazi. Asiambiwe kwamba sheria haimhusu.

4. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi na kuacha watu waliokuwa wanamtegemea kabisa, sheria inataja mshahara wa miezi 60. Wajane wengi hawajui. Waambieni.

5. Katika mazungumzo ya makubaliano na waajiri, matawi ya mashamba yadai basi lenye viti. Mtu asipakiwe kwenye lori la miwa pamoja na mapanga.

Babu zetu waliilima barabara hii bila mshahara, na hawakuwa na chama cha kuwasemea. Sisi tunacho. Mwenye nakala ya gazeti hili amsomee jirani yake asiyejua kusoma, na katibu wa kila tawi aibandike orodha hii ya mambo matano ukutani, mahali ambapo zamu ya usiku itaiona ikitoka.

Umoja ni nguvu.