Kijivu Kipi?

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuache mambo makubwa ya dunia tuzungumzie ukuta. Wako watu wamenuniana ndani ya nyumba kwa sababu ya rangi ya kijivu. Dukani kadi zote zilionekana sawa. Sebule ilipokwisha kupakwa, baba akaona buluu, mama akaona kijani, na fundi anaapa kwamba alipaka ileile waliyoichagua.

Huenda wote watatu wanasema kweli. Kijivu cha dukani mara nyingi si nyeupe na nyeusi tu. Hutiwa pia buluu kidogo, kijani, zambarau au hudhurungi. Iweke kadi juu ya karatasi nyeupe, kando ya wenzake, utaanza kuyaona hayo.

Mpwa wangu wa Isevya, pale Tabora, aliuza asali akapata fedha za kupaka chumba kimoja. Akaniletea kadi mbili. "Mjomba, si zote kijivu?" Nikamwambia asubiri, kwani rangi ikishachanganywa ni nadra mwenye duka kuirudisha. Dirisha lake linatazama mwembe, kwa hiyo mwanga unaoingia umekwisha kuguswa na ukijani wa majani. Upande wa mlango ni uwanja wa udongo mwekundu, na jua la alasiri huurusha wekundu huo hadi ukutani. Sakafu nayo nyekundu! Jicho lililozoea wekundu hukiona kijivu cha jirani kama kina ukijani.

Jambo hili lilimsumbua Mfaransa mmoja, mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipochunguza akakuta nyeusi haina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake. Kitabu chake juu ya hayo kilitoka mwaka 1839.

Basi tulinunua makopo mawili madogo na kutafuta vipande viwili vya ubao. Vikapakwa nyeupe kwanza, kisha kila kimoja kijivu chake, mara mbili. Usijaribie juu ya lipu tupu. Saruji nayo ni kijivu, itakudanganya. Ngoja ikauke kabisa, maana rangi ya maji hubadilika ikikauka. Halafu hamisha ubao ukuta hadi ukuta, asubuhi, mchana, na usiku chini ya taa yako mwenyewe. Balbu ya mwanga wa manjano huvuta kijivu kwenye uhudhurungi, ile nyeupe hukivuta kwenye ubuluu. Vijivu vilivyofanana kama mapacha chini ya taa za dukani vinaweza kuachana kabisa nyumbani kwako.

Usiku mpwa wangu alipenda kile chenye uhudhurungi. Mkewe, ambaye hushona humo kutwa nzima, alisema mchana kinafanana na vumbi, akataka kile cha ubuluu. Waliponitazama mimi nikasema asikilizwe anayeshinda humo. Kikanunuliwa cha ubuluu, na balbu ya manjano kwa ajili ya usiku.