Usanifu wa msaada wa skrini

Msaada wa skrini ni maelezo ambayo programu ya kompyuta au simu humpa mtumiaji papo hapo anapoitumia, bila yeye kufungua kitabu wala kumwita fundi. Unaweza kuwa kidokezo kinachotokea kishale kinapogusa kitufe, mfano ulioandikwa chini ya kisanduku cha kujaza, ujumbe wa kosa, au dirisha zima linalofunguka mtu akibonyeza F1. Usanifu wake ni kazi ya kuamua maelezo gani yatolewe, wakati gani na kwa maneno gani. Mahali ambapo lugha, nchi na mifumo tofauti hukutana, kama mji wa mpakani wa Tunduma katika mkoa wa Songwe, Tanzania, uamuzi huo hugusa moja kwa moja fedha na muda wa watu.

Historia

Watumiaji wa Unix walikuwa na kurasa za mwongozo tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Windows 3.0 ya mwaka 1990 ilikuja na programu yake ya kuonyesha msaada, na mwaka uliofuata Apple ilitoa System 7 yenye viputo vya maelezo. Katika Office 97 kampuni ya Microsoft iliweka kikaragosi cha kibanio cha karatasi, maarufu kwa jina la Clippy, kilichojitokeza chenyewe kumuuliza mtu kama anahitaji msaada. Wengi walikichukia kwa sababu kiliwakatiza kazi, na katika Office 2007 hakikuwemo tena.

Sababu ya msaada mwingi kutosomwa ilielezwa mapema. Mwaka 1987 John Carroll na Mary Beth Rosson, watafiti wa IBM, waliandika kwamba mtumiaji hasomi mwongozo hata pale ambapo ungemwokolea muda. Huanza kazi mara moja, na hutafuta maelezo akiwa amekwama tu. Kwa hiyo sentensi moja iliyo pale pale alipokwama humfaa kuliko sura nzima iliyo mbali.

Kwa Kiswahili, hatua kubwa ilikuwa mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo kutafsiri menyu ni sehemu nyepesi ya kazi. Maelezo ya msaada ni marefu zaidi, hubadilika kila toleo jipya linapotoka, na mara nyingi hubaki katika Kiingereza.

Mfano wa Tunduma

Tunduma iko kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia, na hupitiwa na malori yanayoelekea Zambia na Kongo. Ng'ambo ya mpaka ni mji wa Nakonde. Tangu 2019 maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi katika kituo cha pamoja cha mpakani, lakini mifumo ya kompyuta ni miwili: forodha ya Tanzania hutumia TANCIS, na ya Zambia hutumia ASYCUDAWorld.

Mzigo ukitangazwa, kila bidhaa hupewa msimbo kutoka orodha ya Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza 2. Mahindi ya mbegu ni 1005.10, mahindi mengine ni 1005.90. Mpunga ni 1006.10, na mchele uliokobolewa ni 1006.30. Karani akikosea hapa, mzigo unaweza kutozwa ushuru usiostahili au nyaraka zikarudishwa na lori likabaki kwenye foleni. Orodha rasmi huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na Kiingereza hulazimika kufafanua kwa maneno kadhaa kile ambacho Kiswahili hukimaliza kwa neno moja, “mpunga”. Kidokezo cha Kiswahili kando ya kisanduku cha msimbo hakingekuwa tafsiri ya heshima tu. Kingeeleweka haraka kuliko maandishi ya asili.

Tatizo jingine ni saa. Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia, na simu iliyo karibu na mpaka inaweza kunasa mtandao wa upande wa pili na kubadili saa yenyewe. Juu ya hapo, anayehesabu saa kwa Kiswahili akiambiwa ukaguzi ni saa 4 asubuhi anaweza kuandika 4:00, ambayo kwa kompyuta ni saa kumi alfajiri. Kisanduku kilichoandikwa “Saa” peke yake hakimsaidii. Kinachomsaidia ni mstari mmoja chini yake: “Tumia saa 24, saa za Tanzania. Mfano: saa 4 asubuhi ni 10:00.”

Simu ndogo

Wafanyabiashara wengi hawafiki kwenye kompyuta kabisa. Hutumia menyu za simu zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli. Ujumbe mmoja wa menyu hizo hauzidi herufi 182, na mtu akichelewa kujibu, huduma hukatika. Hapa hakuna nafasi ya ukurasa wa msaada, kwa hiyo msaada lazima uwe ndani ya swali lenyewe. Jina la mpokeaji linaloonyeshwa kabla ya kuweka namba ya siri ni msaada wa aina hiyo, na pengine ndio wenye thamani kubwa kuliko yote, maana fedha zikishafika kwa mtu mwingine kuzirudisha ni kazi.

Malipo ya serikali yanaonyesha umuhimu wa kuchagua neno. Menyu au ankara inaweza kusema “kumbukumbu namba ya malipo”, huku watu dirishani wakiiita kontroo namba. Msanifu mzuri huandika majina yote mawili. Pia ujumbe “Ombi lako halikufanikiwa” haumwambii mtu lolote la kufanya, lakini “Umeandika tarakimu 11. Namba ya malipo ina tarakimu 12” unamrudisha kwenye karatasi yake akahesabu tena.

Msaada wa watu

Skrini isipoeleweka, msaada hutafutwa kwa mtu: wakala wa fedha, au kijana wa steshenari anayewajazia wengine fomu za mtandaoni kwa malipo. Huduma hii ni ya lazima kwa wengi, ila mteja hulazimika mara nyingine kumtajia mgeni nywila au namba yake ya siri. Kwa msanifu, kaunta hizo ni mahali pa kusikia maswali halisi kabla ya kuandika chochote. Maelezo hujaribiwa kwa kumpa mtu kazi moja, bila kumwelekeza, na kuangalia anakwama wapi. Katika mji kama Tunduma wanaojaribu hawafai kuwa Watanzania tu. Kinyamwanga huzungumzwa pande zote mbili za mpaka, na mteja wa Nakonde aliyejifunza Kiswahili sokoni huenda akalijua neno “futa” bila kulijua “batilisha”.