Kuonja

Mama anapika mboga. Anatia chumvi, anakoroga, kisha anachukua kijiko kimoja na kuonja. Hali chungu kizima ili ajue kama chumvi inatosha. Lakini akisahau kukoroga, kijiko kitamdanganya, maana chumvi ingali chini.

Wenye kuhesabu watu hufanya vivyo hivyo. Wakitaka kujua mawazo ya watu milioni nyingi, hawawaulizi wote. Wanaonja, ndiyo kusema wanachagua wachache na kuwauliza. Wachache hao kwa Kifaransa huitwa échantillon.

Na kukoroga je? Sikilizeni habari ya Marekani. Mwaka 1936 watu wa huko walikuwa karibu kumchagua rais. Gazeti moja, Literary Digest, lilituma karatasi za kuuliza kwa watu milioni 10, na zaidi ya milioni 2 walijibu. Gazeti likatangaza: Landon atashinda! Siku ilipofika, Roosevelt akashinda katika majimbo yote, isipokuwa mawili tu. Kosa lilikuwa wapi? Majina mengi yalitoka katika orodha za wenye simu na wenye motokari. Maskini, ambao wengi wao walimtaka Roosevelt, hawakuulizwa vya kutosha. Tena wengi waliopokea karatasi hawakuzirudisha. Kijiko kilikuwa kikubwa ajabu, lakini chungu hakikukorogwa. Bwana Gallup aliuliza watu wachache kuliko hao, akawachagua kwa uangalifu, naye akamtaja mshindi sawasawa.

Sauti nayo huonjwa. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mashine huupima mtikisiko huo mara kwa mara, na kuandika hesabu zake. Katika sahani ndogo za muziki ziitwazo CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti imepimwa mara 44,100 kwa sekunde moja. Mbona mara nyingi hivyo? Sikio la mtu husikia mitikisiko kufika karibu 20,000 kwa sekunde, na kila mtikisiko lazima upimwe zaidi ya mara mbili, usipotee. Simu ya kawaida hupima mara 8,000 tu. Basi sauti ya mjomba katika simu si sauti yake kamili.

Wanamuziki wana kuonja kwao. Wanakata kipande cha wimbo wa zamani na kukitia katika wimbo mpya. Hawa hawatafuti kujua kitu. Wanakitaka kipande chenyewe. Mwaka 1969, huko Marekani, kundi la The Winstons lilitoa wimbo “Amen, Brother”. Katikati yake wenzake wananyamaza, na Gregory Coleman anapiga ngoma peke yake, kama sekunde 6 hivi. Kipande hicho kifupi kimetiwa katika nyimbo maelfu. Coleman alikufa mwaka 2006, hakulipwa kitu kwa ajili yake. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walichanga zaidi ya pauni 20,000 za Uingereza, wakampa Richard Spencer, mkubwa wa kundi. Mpiga ngoma mwenyewe hakuwapo tena.