Mshahara Umepanda, Jedwali la Kodi Limebaki Palepale

Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, ni mji wa kungojea tarehe ya mshahara. Ukiwaacha wakulima wa mahindi na kahawa, na wachuuzi wanaovuka kwenda Malawi kupitia Isongole, watu wenye kipato cha uhakika ni walimu, wauguzi wa hospitali ya wilaya, makarani na wahudumu wa halmashauri. Mkulima hakatwi PAYE, kodi ya ajira inayokatwa kwenye mshahara, lakini mwalimu akibakiwa na kidogo, hata mwenye kuuza debe la mahindi hulijua hilo.

Mei Mosi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Singida kwamba kima cha chini serikalini kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Nyongeza ya asilimia 35.1 si mchezo. Jedwali la kodi ya ajira, hata hivyo, halikuguswa.

Tuchukue salari slipu ya mhudumu wa ofisi wa kima cha chini. Kwanza hukatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, PSSSF, kisha kodi hupigwa kwenye kinachobaki. Mapema mwaka 2020 mshahara wake ulikuwa 300,000, na kodi ilianzia kwenye 170,000 kwa asilimia 9. Alikatwa 10,350. Julai mwaka huohuo, baada ya bajeti ya Waziri Philip Mpango, kiwango kisichotozwa kilipanda hadi 270,000, na kodi yake ikaporomoka hadi 1,350. Mwaka 2021 asilimia 9 ikawa 8, ahadi ya Mei Mosi ya Mwanza, akawa anakatwa 1,200. Karibu asahau kama kodi ipo.

Kisha mshahara ukaanza kusogea wenyewe. Julai 2022 ulifika 370,000, kodi ikawa 6,520. Julai 2025 ukafika 500,000, kodi ikawa 16,400. Mshahara ulipanda kwa theluthi moja na kitu. Kodi iliongezeka mara mbili na nusu. Hakuna waziri aliyesimama bungeni kusema kodi ya mhudumu imepanda, kwa sababu hakuna kilichopandishwa: yeye ndiye aliyepanda kuifuata.

Tusimtie hofu bure. Maneno ya vijiweni kwamba nyongeza inaweza kukurudisha nyuma kwa kukuingiza ngazi ya juu si kweli, maana asilimia ya juu hukata kile kilichozidi tu. Katika 130,000 alizoongezwa, PSSSF imechukua 6,500, bima ya afya 3,900 na kodi 9,880. Zaidi ya laki moja imebaki, kabla ya chama cha wafanyakazi na bodi ya mikopo kwa mwenye deni nayo.

Marekani, tangu 1985, ngazi za kodi ya serikali kuu husogezwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Uingereza imefanya kinyume: kiwango kisichotozwa kimesimama kwenye pauni 12,570 tangu Aprili 2021, na wapinzani huiita kodi ya kimyakimya. Kwetu hakuna utaratibu wa kusogea wenyewe. Kila badiliko hungoja Sheria ya Fedha ya Juni, na Mei Mosi watu huipigia makofi asilimia ya mshahara bila kuuliza habari ya 270,000. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi nao wangefaa kuidai namba hiyo kwa sauti ileile.

Maana ngazi ya asilimia 20 inaanzia 520,000. Mhudumu wetu, baada ya pensheni, amebakiza 45,000 kuifikia. Akiongezwa asilimia 10 nyingine bila jedwali kuguswa, mtumishi wa mshahara mdogo kuliko wote pale halmashauri atakuwa ameingia ngazi ambayo hadi sasa tumezoea kuiona kwenye slipu za wakubwa zake.