Fundi Aliyeficha Jina Ukutani

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Warren Robinett, kijana wa Kimarekani, alitunga mchezo uliopendwa na wengi, lakini kwao kazini hakutuzwa hata kwa kutajwa jina.

Mchezo wenyewe ni Adventure, uliotolewa na kampuni ya Atari mwaka wa 1980. Mchezaji huzunguka ngome kwenye kioo cha televisheni, huku akikimbizwa na majoka, akitafuta kikombe cha uchawi. Robinett aliutunga peke yake. Hata hivyo, Atari haikuruhusu majina ya watungaji yatajwe. Mwaka wa 1979 watungaji wanne walikuwa wameihama, wakaunda Activision, ambako walitajwa.

Robinett hakugomba. Alificha nukta moja ndogo yenye rangi ile ile ya sakafu, isionekane kwa urahisi. Aliyeiokota na kuifikisha mahali maalum aliweza kupenya ukuta na kuingia chumba cha siri. Humo aliyakuta maneno yaking'aa kwa rangi zinazobadilika, yakisema kuwa mtungaji ni Warren Robinett.

Hakumwambia mtu. Siri ilifichuliwa na mvulana wa Salt Lake City aliyeiandikia Atari barua, Robinett akiwa ameshaondoka. Steve Wright wa Atari alishauri jina lisifutwe, akaziita siri za namna hiyo mayai ya Pasaka, kama yale yanayofichwa ili watoto wayatafute.

Leo michezo mingi ina mayai yake. Lakini, msomaji, fundi aliyetajwa mlangoni angekuwa na haja gani ya kujificha ukutani?